Mijusi Thelathini na Wawili Katika Beseni Moja

Binti zake wawili walimpiga marufuku kuzungumzia kazi wakati wa kula, maana kazi yenyewe ilikuwa kulisha mijusi. Miaka kumi na miwili aliingia katika chumba cha nyuma cha idara ya wanyama chuoni, akawasha taa za joto, akamwaga nyenje kwenye maboksi ya kioo, akafagia uchafu. Chuo kizima kilimwita Mama Mijusi. Hakununa. "Mawifi zangu waliniita mabaya zaidi," alisema.

Na mijusi wenyewe, jamani, majike watupu! Dume hakuna hata wa dawa. Jike anataga peke yake, na mayai yakianguliwa wanatoka majike wengine, kila mmoja mama yake mtupu. Mama Mijusi, aliyelea peke yake tangu mumewe alipotoka kununua betri asirudi, aliwapenda siku ya kwanza walipoletwa. "Sisi tunaelewana," alisema.

Lakini siku hiyohiyo mkuu wa idara alimwambia hawa ni fotokopi tu, ukimwona mmoja umewaona wote. Naye akalimeza neno hilo bila kutafuna.

Basi Jumatatu moja asubuhi bomba likapasuka. Alipofungua mlango, maboksi mawili ya rafu ya chini, la kushoto na la kulia, yalikuwa yanajaa maji. Angefanyaje? Akanyakua beseni la kudekia, akawatia wote humo, wa kushoto na wa kulia, thelathini na wawili. Hakufa hata mmoja, akajipongeza.

Ndipo akaingia mtafiti, binti aliyewakamata mijusi hao kwa mikono yake katika mabonde mawili, akawaweka kila bonde boksi lake. Alitazama beseni, akakaa sakafuni palepale kwenye maji.

"Mama, umewachanganya?"

"Si wote ni wale wale, mwanangu?"

"Hilo ndilo ninalotaka kujua!" Akaeleza huku akilia. Zamani sana jike wa jamii moja alipandana na dume wa jamii nyingine, akazaliwa binti asiyehitaji dume, na uzao wake ukaendelea hivyo hadi leo. Je, jamii hizo mbili zilikutana mara moja tu, au kila bonde lina mkutano wake? Kama ni mara moja, basi wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa mmoja unaweza kuwafyeka. Kama ni zaidi, wana akiba: ukoo mmoja ukifa, mwingine unabaki. Vipimo vya vinasaba vingeonyesha koo ni ngapi, lakini haviwezi kusema nani katoka bonde lipi. Na bonde moja lilikwishafukiwa, barabara imepita juu.

Loo! Maji yalizidi unga. Mkuu wa idara alikuja, akasema Ijumaa barua ya kuachishwa kazi itakuwa tayari, isipokuwa kama mijusi watarudi wote kwenye maboksi yao, bila kubaki hata mmoja.

Mama Mijusi aliogopa, tena sana. Akawaweka kila mmoja kwenye kopo lake, akakaa kuwatazama siku tatu. Alikumbuka kuwa wale wa kushoto kila siku walitoka taa ikiwaka tu, na walilala pembeni kabisa. Wa kulia walivuta uvivu kwanza, na walilala katikati, chini ya jiwe. Miaka yote alidhani ni boksi, kumbe ni wao wenyewe, maana hata koponi walifanya vilevile. Hadi Alhamisi jioni alikuwa amewapanga thelathini na mmoja.

Alibaki mmoja. Huyu alitoka mapema kama wa kushoto, akalala katikati kama wa kulia.

"Mtie popote, mama," mtafiti alimsihi. "Mmoja tu hataharibu kitu, na kazi yako itapona."

Aliwawaza binti zake, na kodi, na umri wake. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema, akabandika karatasi juu ya kopo: *Huyu simjui.*

Mkuu alipoiona karatasi hiyo Ijumaa aliguna, akasema barua itasubiri majibu ya vipimo vya vinasaba. Wiki tatu Mama Mijusi alikuja kazini kama mgeni.

Majibu yalipofika, mkuu aliyaleta mwenyewe. Wale thelathini na mmoja walikuwa koo mbili, zilizogawanyika vilevile alivyowagawa yeye, bila kukosea hata mmoja. Na yule wa kopo hakuwa wa huku wala kule. Alikuwa ukoo wa tatu, mkutano mwingine kabisa ambao hakuna aliyejua uliwahi kutokea.

"Angetiwa kwenye boksi lolote," mkuu alisema polepole, "tungesema mashine imekosea, tukamfuta." Mtafiti alikuwa tayari amemkumbatia Mama Mijusi, aliyekuwa bado na nyenje mkononi.

Mkuu hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya maboksi, akavaa miwani.

"Hebu nifundishe," alisema. "Hawa wa kushoto unawajuaje?"