Kinamasi Kilichopumzishwa

Bibi Majamvi alikuwa na vidole vilivyokomaa kwa kusuka na ulimi usiotiwa kufuli. Miaka arobaini aliishi kwa mafunjo ya kinamasi cha nyuma ya mtaa, na wasusi wenzake walimfanya kiongozi wao. Sheria yao ilikuwa moja, na mama mkwe wake ndiye aliyemrithisha: miezi mitatu kila mwaka, mguu wala panga haviingii kinamasini, mafunjo yapate kukomaa na ndege walee makinda.

Wataalamu wa mipango wakachagua miezi hiyohiyo kuja kupima ardhi. Walifika na mabuti mapya ya mpira, hawakukuta mtu, wakapiga picha, wakaondoka mabuti yakiwa safi vilevile. Kuuliza hawakuuliza, mwenye ramani aulize njia kwa nani?

Kisha wakaitisha mkutano wa kushirikisha wananchi, maana mpango ulikuwa wa kulinda mazingira, na wananchi walihitajika pichani. Wasusi walipewa maji ya chupa na karatasi za rangi. Kwenye ramani ya ukutani, kinamasi chao kilipakwa kijivu: eneo lisilotumika, lijazwe kifusi, yajengwe maegesho ya wageni watakaokuja kutazama ndege.

"Lisilotumika na nani, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Bibi, tulikuja mara mbili. Hapakuwa na mtu," mtaalamu mmoja akajibu.

"Tumelipumzisha. Kwani ukinikuta nimelala utaniandika marehemu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akaeleza kwamba fomu yake haina sehemu ya kupumzisha. Ina kutumika na kutotumika, basi. Ijumaa angepita mara ya mwisho kuhakiki.

Ijumaa asubuhi Bibi aliwaongoza wenzake kinamasini, mwezi mzima kabla ya wakati. Alipokata chipukizi la kwanza machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alijiona kama mtu anayechinja kuku anayeatamia. Ndege waliruka juu ya viota wakipiga kelele. Ilipofika saa nne, upande mzima ulikuwa kipara.

Mtaalamu alifurahi kwelikweli. Aliwapiga picha na mapanga yao, akapaka kijani penye kijivu, akampa Bibi mkono.

"Sasa si mngetuonyesha tangu mwanzo, Bibi?"

Kinamasi kikaokoka, kwenye ramani. Yale mafunjo machanga hayasukiki, yakaozea uani kwa Bibi, na ndege wakahamia kwingine.