Mvua ya Mpira, Hadithi Nusu

Jirani yangu pale Kangemi, Nairobi, bibi aliyeuza mboga za kienyeji, alijua hadithi ya kumbikumbi. Kwao magharibi waligonga vijiti juu ya kichuguu wakiimba, ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke, waliwe. Hadithi ilisimuliwa hapohapo wakitoka. Si siku nyingine.

"Kukhu, nisimulie tu," nilimwomba, nikimwita nyanya kwa lugha ya kwao. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza maswali sikuacha. "Nimenunua hata rekoda ya kaseti huko tao, mjini."

"Na kumbikumbi wako wapi?"

Hawakuwapo. Misimu miwili mfululizo mvua ilikuwa imetupita. Na mwisho wa mwezi Kukhu alikuwa anarudi kwao kabisa.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa kukata nyasi mtaa wa Karen, kwenye boma ambalo halikukosa maji. Nyuma ya ua palikuwa na kichuguu. Niliomba ruhusa, nikakimwagilia maji kwa mpira wa bomba siku tatu, kisha Jumamosi mchana nikamleta Kukhu.

Alikizunguka, akagusa udongo.

"Unataka kudanganya kumbikumbi ama mimi?"

"Si hata nyinyi mnawadanganya na vijiti?"

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha tukagonga, yeye akiimba. Baada ya muda mrefu wakatoka wachache, hawakujaa kiganja. Akala, akanigawia wawili; nikawasha rekoda, akaanza. Binti kumbikumbi aliposwa na Mvua, akalipiwa mahari ya mbawa, akaambiwa, "Nikibisha juu ya paa, toka." Siku moja akasikia kubisha.

Kukhu akaishia hapo, akajikung'uta udongo.

"Halafu?"

"Mvua ya mpira, hadithi nusu."

Akaondoka Nairobi hivyo. Kaseti niliicheza hadi ikaanza kukwaruza.

Mvua zilizofuata zilinikuta katikati ya jiji nikitafuta kazi ya kubeba mizigo. Simu ikalia. Nilisikia vijiti kwanza, kisha sauti ya Kukhu.

"Imenyesha, wametoka. Uko na kile kidude chako?"

"Kiko nyumbani."

"Basi sikiliza vizuri."

Nikaegemea ukuta wa benki. Binti alitoka, akakuta ni watu waliobisha. Akavua mbawa, akaziacha mlangoni, akarudi chini kungoja. Mvua alipofika aliitambua mahari yake, akajua yule binti bado yuko.

"Rudia," akasema Kukhu.

Nikarudia kwa sauti, wapita njia wakinitazama. Alinisahihisha mara mbili. Mara ya tatu akasema nimeshika, sasa nimwache akaokote kumbikumbi.