Sauti ya Pili

Kwa miaka mingi niliimba nyimbo za kuachwa bila kuachwa na mtu. Muziki wa country ndivyo ulivyo: usipolia, utaimba nini? Mume wangu alikuwa akinitania, "Unalilia nini na mimi niko hapa?" Kisha anaingia na sauti ya pili, nami nasahau kulia.

Hatukuwa na kampuni ya kutusimamia. Albamu zetu mbili tulizirekodi sebuleni kwetu Richfield, huku Amerika. Ndege ikipita juu ya paa tunanyamaza, tunatazamana, tunaanza upya. Jukwaani tulitumia maikrofoni moja, mashavu yakikaribia kugusana, anayeongoza akisogea mbele na mwenzake akimpisha. Wazungu wa baa za Saint Paul walistaajabu kuona Wakenya wawili wanaijua country. Kwani nani aliwadanganya ni yao peke yao? Sisi tumekulia Nyandarua, tumelelewa nayo redioni.

Jioni moja tulikuwa tunapakia magitaa kwenye gari. Akasema, "Babe, mimi nimechoka. Ku-drive weekend mzima kuimbia watu kumi, halafu Monday niko shift. Sitaki kuimba tena."

Wiki chache baadaye akahamia Columbia Heights, eti apumzike. Nilimwamini, maana hata mimi nilikuwa nimechoka. Nikajiambia akishapumzika atarudi. Nikaendelea kuimba peke yangu, nimesimama upande mmoja wa maikrofoni, upande wa pili nimemwekea. Mafundi wa sauti walinisogeza katikati, nami nikarudi pale pale. Ukaidi sikuanza kuusomea Amerika.

Mwezi uliopita nilienda kanisani kwenye ibada ya kumuaga mzee mmoja wa kwetu. Nilikaa nyuma. Mwanamke nisiyemjua akaenda mbele akaanza wimbo, na kabla sijamwona mume wangu nilimsikia. Alisimama karibu na huyo mwanamke, ameinamisha kichwa kidogo kama kawaida yake, akaingia pale pale ambapo angeingia nikiimba mimi. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sijawahi kumsikia akiimba vizuri hivyo, hata siku za mwanzo wetu.

Kumbe hakuwa amechoka kuimba. Alikuwa amenichoka mimi. Niliuma midomo, wapi! Nililia kwa sauti, mbele ya watu, mimi niliyezoea kulilia watu kwa mpangilio na gitaa.

Mama aliyekaa kando yangu akanipa tishu. "Pole sana, my dear. Mzee amepumzika. Alikuwa wa kwenu?"

"Simlilii mzee, mama," nikasema. "Namlilia mume wangu."

"Woi! Pole, mwanangu. Naye alikufa lini?"

"Hajakufa," nikamwambia. "Si ndiye huyo anaimba."