Niliambiwa Jibu Kabla ya Kutazama Alama za Vidole

Admin, nifichie jina, na ofisi yangu usiitaje, Pemba ni ndogo. Nina miaka 34, natoka bara, mwanangu mmoja analelewa na mama yangu huko. Kazi yangu ni kulinganisha alama za vidole. Nimepanga Gombani, huu mwaka wa tatu, na nikitoka kazini sina wa kuongea naye ila redio.

Miezi mitano iliyopita duka moja lilivunjwa. Mpelelezi akaniletea alama iliyochukuliwa kwenye kioo, nusu imefutika, pamoja na karatasi ya vidole vya kijana wa Kojani. Akakaa mezani kwangu, akasema, "Huyu ndiye, kakutwa na simu ya dukani. Tunataka saini yako tu." Nikaanza na vidole vya kijana, kisha nikawa naitafuta mistari yake kwenye ile alama ya kioo. Ukitafuta hivyo hukosi. Nikaandika ni yake. Mkuu wangu, ambaye ndiye wa kunihakiki, alisoma kwanza jibu langu, akachungulia, akasaini. Ndivyo tunavyofanya siku zote.

Wiki iliyopita mama wa kijana alinikuta sokoni. Sijui nani alimwonyesha. Nilijiandaa kutukanwa, lakini alinisalimia kwa upole. "Mwanangu, mie sikuja kukugombeza. Kaangalie tena tu. Siku ile alikuwa kalala na homa, mie ndiye niliyemkanda."

Kesho yake nikafunika vidole vya kijana kwa karatasi, nikaitazama alama ya kioo peke yake, nikaandika ninachokiona, ndipo nikafunua. Sehemu nne nilizozihesabu mwanzo kuwa zinafanana sikuziona kabisa. Kwa haki ningeandika kwamba alama haitoshi kusema ni ya nani.

Nikamweleza mkuu yote, hata ya yule mama, nikamwomba alama ipelekwe kwa mtu asiyejua habari yoyote, na wapelelezi waache kutusimulia kesi kabla hatujatazama. Akacheka. "Dada, umeonana na mama mtu, umeingiwa na huruma. Sasa unaona kwa huruma." Tangu siku hiyo nikiingia ofisini watu wananyamaza, na chai nakunywa peke yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda mkuu amesema kweli. Mara ya kwanza niliona alichotaka mpelelezi, mara ya pili labda nimeona alichotaka mama. Macho yangu siyaamini tena. Na ofisini hakuna asiyeijua kesi hii. Kuituma nje ya kisiwa kunataka saini ya mkuu huyo huyo aliyenihakiki.

Jumatatu naitwa mahakamani. Kijana ana miaka kumi na tisa, bado yuko rumande. Nisome karatasi yangu kama ilivyo, au nisimame mbele ya wote niseme sina hakika, kazi iende na maji? Ndugu zangu, nishike lipi? Nitasoma kila mtakachoandika, maana sina mtu mwingine wa kumuuliza.