Jalila na Mwisho wa Bwana Njoo Kesho

Saa nane mchana, Jumamosi, na banda la video la Musyoka hapa Bofu, Likoni, limejaa hadi watu wanakalia makreti ya soda. Jalila Tsuma anavuta kigoda karibu na skrini, anapuliza kipaza sauti mara mbili, anakohoa. Leo anamalizia filamu iliyokatika wiki tatu zilizopita, banda lilipofungwa.

Jalila, mwenye umri wa miaka arubaini na mmoja, ni mtafsiri wa filamu. Sauti ya Kiingereza inapunguzwa, yake inapanda juu. Wenzake wengi katika kazi hii ni wanaume, na wanapenda filamu za mateke. Yeye hazitaki.

"Mateke hayahitaji mkalimani," anasema. "Mimi nipe filamu yenye faili. Faili likipotea, nitakutafutia mpaka uone raha."

Ujuzi huo aliupata kwa fagio. Miaka tisa alisafisha ofisi za mawakili kule kisiwani, ng'ambo ya kivuko, akipiga deki koridoni huku masikio yakiwa vyumbani kwa wakubwa. Alipoacha, goti likiwa limemharibikia, alikuwa anajua dhamana ni nini, kiapo cha uongo ni nini, na jinsi mkubwa anavyohangaika akitaka kuficha uchafu wake. Siku hizi, kazi ya filamu ikiwa nzuri humpa kwa siku shilingi mia nne, nazo ndizo zinazomlisha yeye, mama yake na mabinti wawili.

Watazamaji wake hawashiki majina ya kigeni, kwa hiyo kila mtu kwenye filamu humpa jina kwa tabia yake. Mpelelezi wa kike wa filamu hii ni Binti Faili. Na yule karani mkubwa anayeficha hati za viwanja vya wajane, kila wakija anawaambia warudi siku nyingine, Jalila alimwita Bwana Njoo Kesho.

Siku ya nusu ya kwanza, banda lililipuka. Watu walicheka mpaka machozi, wakapiga makreti. Jalila akadhani tafsiri yake imenoga. Maskini, hakujua jina lilikuwa na mwenyewe.

Kina mama wa kioski cha maji walishampachika jina hilo siku nyingi Bwana Mramba, mtumishi wa ofisi moja inayotoa vibali vya biashara. Mramba mwenyewe ndiye pekee asiyelijua. Alichosikia ni kwamba banda linaikejeli ofisi yake. Siku mbili baadaye, kabla nusu ya pili ya filamu haijaonyeshwa, kibali cha Musyoka kikasimamishwa.

Musyoka, aliyekuja Likoni kutoka Ukambani kutafuta kazi ya bandari, alikwenda ofisini mara nne.

"Nikaambiwa nirudi kesho, mara zote nne," anasimulia, akijizuia kucheka. "Hapo nikaona hii mambo imekuwa moto."

Mara ya tano akaenda Jalila, kina mama wakiwa wameshamwambia jina ni la nani.

"Shikamoo, Bwana Mramba."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Wallahi, sikujua kama Njoo Kesho ndiwe wewe."

Mramba akamkodolea macho. "Ndiye nani?"

Jalila anaukumbuka wakati huo kwa aibu hadi leo. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimekwenda kuomba msamaha, kumbe ndio kwanza nampelekea habari!"

Mramba alivua miwani, akaifuta kwa tai kwa muda mrefu. Akauliza ni kina nani wanaomwita hivyo. Jalila hakumtajia. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza mwisho wa yule bwana wa filamu huwaje.

"Anafungwa," Jalila akamwambia.

"Basi jina liache. Mwisho ndio unibadilishie."

Akachukua kalamu, akatia sahihi kibali cha mwezi mmoja tu.

Huo ndio mzigo aliokaa nao Jalila leo juu ya kigoda. Wanaojua Kiingereza humu bandani hawazidi watatu. Akisema karani ameachiliwa na kupandishwa cheo, nani atambishia? Musyoka amemsihi asubuhi nzima: "Dadangu, waambie amepata transfa. Shida iko wapi?" Na safu ya nyuma, karibu na mlango, amekaa Mramba, kofia mapajani.

Filamu inafika mahakamani. Hakimu anafungua mdomo. Jalila ananyamaza, jambo ambalo halifanyi kamwe, na watu wanageuka kumtazama.

"Hakimu anasema," anaanza, "Bwana Njoo Kesho, kwa wajane wote uliowarudisha mikono mitupu, miaka saba jela."

Hakuna anayecheka. Mama mmoja wa mbele anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Taa zinapowashwa, Mramba anamsubiri mlangoni.

"Umenifunga, Jalila."

"Si mimi, bwana. Mimi mkalimani tu."

Anavaa kofia yake, anaondoka bila kuaga.

Kibali kinaisha tarehe thelathini, na Musyoka hana raha. Jalila anasema siku hiyo atakwenda tena ofisini, atamwamkia Mramba kwa adabu. Akinyimwa, atahamia barazani kwake, awasimulie watu filamu kwa mdomo bila skrini, inshallah.

"Ningeweza kumbadilishia," anasema, akikunja waya wa kipaza sauti. "Lakini hawa kina mama hawasikii Kizungu. Nikiwaambia hakimu kasema hivi, kwao ndivyo alivyosema."