Ndagala za Mkubwa wa Bunge

Mimi kusimama mahali nikishangaa kuta, siwezi. Kazi ya ghala kule Cheektowaga, Amerika, imenizoesha kutembea mpaka miguu igome. Donc basi, tulipokuwa London kwa harusi ya binti ya dada yangu wa Columbus, na dada akaniambia nimpeleke mama akaone ukumbi wa kale wa bunge, nilikubali nikijua tutaingia na kutoka.

Mama anaishi Shively, pale Louisville. Asubuhi hiyo alivaa kitenge cha harusi, akafunga kilemba, akabeba mkoba mzito. Nilipomwuliza ana nini humo, aliniambia nisimsumbue.

Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Askari akafungua mkoba. Loo! Ndagala, wale dagaa wakavu wa kwetu, mfuko mzima, na harufu ikawafikia hadi watu wa nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama, ndagala za nini tena?"

"Za mukubwa wa hapa. Kwa mukubwa hatuendake mikono mitupu. Ulikomalia wapi, weye, hujue desturi?"

Nikaelewa papo hapo, na hasira ikanipanda. Kwetu Kivu, mwenye shida huenda kwa mwami, chifu wetu, na kitu mkononi, hupiga makofi, kisha husema. Na shida ya mama ni moja: mdogo wangu wa mwisho, aliyebaki katika kambi ya wakimbizi Tanzania kesi yake ya kuhamia Amerika ilipokwama, sisi wengine tukapanda ndege. Kila Jumapili mama hunipigia simu kuniuliza atakuja lini.

"Mama, tumekuja kutembea tu. Hii si hata serikali yetu."

"Amerika niliwauliza, wakanyamaza. Tujaribu na hawa."

Askari akacheka, akamrudishia mkoba wake.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na wa baridi, mawe chini, mbao nzito juu kabisa. Mwongozaji wetu, mwanamke mpole wa makamo, alieleza taratibu mno, ubao kwa ubao. Nilitazama saa, nikabadilisha mguu, nikatazama tena. Mama nilimtafsiria kwa kukatakata. Niliposema kwamba humu mfalme mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kifo, alinishika mkono.

"Mufalme? Watu tu ndio walimuhukumu?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Basi ni hapa."

Akapita mbele ya kundi, akapiga magoti juu ya mawe yale, na goti lake hilo bovu, akapiga makofi, akaanza kusema. Alimtaja mwanawe, akataja baba yake na kijiji chao. Watalii wakashusha simu zao. Mwongozaji akanitazama mimi, ikabidi nitafsiri. Nilianza mbiombio ili yaishe. Lakini nilipofika pale mama aliposema, "Mimi ninazeeka, na yeye angali kule peke yake," niliyatafsiri taratibu, neno kwa neno. Nilikuwa nalia mbele ya wageni.

Mwongozaji aliinama akamwinua mama. Akasema anasikitika sana, ila yeye kazi yake ni kuonyesha watu jengo, hana uwezo wowote.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema hana uwezo."

"Sawa. Muulize mwenye uwezo iko mulango gani."

Nikamwuliza. Aliporudia kwamba hana uwezo, nikamwuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.