Leo Kasoli wameniita mtoto wao

Leo nimeitwa "mtoto wetu" kwa mara ya kwanza hapa Kasoli, na nimelia.

Nina miezi mitatu tangu nihamie huku kufundisha, nikitokea Tanga.

Asubuhi gulioni mwanaume mmoja kanipora simu. Nikapiga kelele.
Jamani, nilitaka simu tu!

Wakamkamata, simu nikarudishiwa. Kisha wakaanza kumpiga kwa fimbo za kuchungia ng'ombe, hadi damu ikamtoka masikioni.

Nikajitupa katikati. "Mwacheni, simu nimeshapata!"

Jirani yangu, Mama Minza, akanivuta mkono. "Tulia, mwalimu. Kamwibia mtoto wetu."

Fimbo zikaendelea.

Mwanaume yule yuko hospitali, hajafumbua macho.

Sasa hivi mama kanipigia kutoka Tanga. Anauliza kama nimeshapazoea huku.

Nimemwambia nitampigia baadaye. Ninyi mngemwambiaje?